Chuo Tatu, Wageni Bila

Marehemu hasemwi vibaya. Nimelisikia neno hilo tangu tulipomzika baba, na watu wa kanisa hulisema huku wamenishika mkono kwa upole, kana kwamba wameona kitu usoni mwangu. Nikalinyamazia. Lakini juzi msimamizi wa jengo letu hapa Berea, Johannesburg, alianza kupaka chokaa chumba alicholala baba, apate kukipangisha kabla mwezi haujaisha, na harufu ya chokaa iliyokorogwa na maji ikapita chini ya mlango ikanikuta kwenye cherehani yangu. Nikaacha kushona. Mwanangu akaniuliza kwa Kiingereza kama ninaumwa. Nikamwambia siumwi, nimemkumbuka mkhulu wake, maana ndivyo alivyomwita babu yake, kwa Kizulu cha shuleni. Akanipa pole. Mtoto yule anadhani kumkumbuka mtu ni kumlilia tu.

Mimi nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Kwenye maziko mzee wa kanisa alisimama akamsifu baba kuwa ndiye kocha ambaye timu yake haikufungwa hata mechi moja katika mwaka wa vita. Watu wakasema amina. Wengine wakapiga makofi palepale makaburini. Na aliyoyasema mzee yule yalikuwa kweli, hapo ndipo penye ubaya wake.

Sisi kwetu ni Uvira, mji mwembamba uliobanwa kati ya milima na ziwa. Baba alifundisha mazoezi ya mwili katika chuo cha ualimu, na timu ya mpira ya chuo ilikuwa yake, aliipenda kuliko alivyopenda kula. Mji mzima ulimwita Mwalimu. Mama alimwita Baba Faustin, naye akamwita Mama Faustin, kwa sababu kaka yangu Faustin ndiye aliyewafungulia mlango wa uzazi, na kwetu mtu akishapata mtoto jina lake la zamani hulazwa. Mama alipokasirika tu ndipo naye alipomwita Mwalimu. Ungemsikia akisema Mwalimu jikoni, ungejua leo chakula kitachelewa.

Faustin mimi nilimwita Yaya, kama tunavyowaita kaka na dada wakubwa kwetu. Alikuwa mwanafunzi wa chuo hichohicho na nahodha wa timu. Alikuwa na mguu wa kushoto ambao watu wa sokoni waliuzungumza kama wanavyozungumza mvua. Mimi, Sifa mdogo wake, nilikuwa darasa la tatu, na sikujua duniani kitu kikubwa kuliko mguu ule.

Kila Jumamosi baba alikoroga chokaa ndani ya pipa la mafuta lililokatwa katikati. Aliichota kwa kopo lenye matundu, akainama, akaanza kuchora mistari ya uwanja, hatua kwa hatua, akirudi kinyumenyume, mgongo umelowa jasho. Chokaa ilikuwa na harufu ya kukauka, ya kuwasha pua, na ilipopata umande wa asubuhi harufu ilizidi. Ole wake mtoto au mbuzi aliyekanyaga mstari kabla ya mechi. Nakumbuka alimfukuza mke wa mkurugenzi wa chuo kwa filimbi, mama wa watu amebeba kapu la nyanya.

Vita tulikuwa tukivisikia kwa mbali. Vilikuwa milimani, vilikuwa upande wa kusini, vilikuwa kwa watu wengine. Ligi ya wilaya ilikuwa imeanza kabla havijasogea, na wakubwa wa mji wakaona isisimamishwe, watu wasije wakaingiwa na hofu. Baba aliunga mkono kwa nguvu zake zote. Alisema mji ambao vijana wake wanacheza mpira ni mji ulio hai. Alilisema hilo kila mahali, mpaka kwenye matanga.

Jumapili ile ya kwanza tulikuwa tunawangoja watu wa Baraka, mji ulio kusini mwetu kando ya ziwa. Vijana wetu walitoka na jezi zao za kijani, wakapasha miguu moto, wakajipanga. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Mwamuzi, karani mmoja wa forodha aliyependa sana saa yake, alingoja muda wa sheria, kisha akapiga filimbi. Hapo nikaona desturi ya kwetu kwa mara ya kwanza. Timu isipofika, tunasema imekula forfe, lakini ushindi haupewi hivihivi mezani. Nahodha huweka mpira katikati, akautembeza peke yake uwanja mzima mpaka kwenye goli lisilo na mlinzi, akaupiga ndani. Mwamuzi akapuliza filimbi, matokeo yakaandikwa tatu bila. Faustin aliutembeza mpira ule, watu wamenyamaza, akaupiga polepole kwa mguu wa kulia. Mimi peke yangu niliruka juu nikapiga kelele.

Jioni yake redio ya mji ikasoma matokeo. Chuo tatu, Baraka bila. Nilicheza uani mpaka vumbi likatimka. Baba akanitazama, akatabasamu. Ningemsamehe mambo mengine, lakini tabasamu lile silisamehe.

Wiki iliyofuata watu wa Fizi hawakuja. Baadaye wale wa Mboko. Redio ikasoma tatu bila, tatu bila, na mimi nikawaeleza wenzangu shuleni sababu yake: timu zote zimesikia habari za mguu wa kushoto wa Yaya, zinaogopa kuja kuaibika. Nilieleza kwa mifano. Nilisema kipa wa Fizi alilia usiku kucha akamwomba mama yake asiende. Walimu walinisikia, wakatazamana, wakaendelea na masomo. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyenishika bega akaniambia kwamba timu isiyofika ni mji ulioanguka, na kwamba vijana tunaowafunga wako porini, au njiani na magodoro kichwani, au chini ya ardhi.

Jirani yetu alikuwa Mama Zawadi, mwanamke wa Baraka aliyeolewa mjini kwetu. Aliuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni pamoja na mama. Siku ile redio iliposoma Chuo tatu, Baraka bila, nilimsikia analia ng'ambo ya ua, kilio kirefu kisicho na maneno, na wanawake wengine wakawa wanaingia kwake mmoja mmoja, vitenge vimefungwa kiunoni. Nikadhani analia kwa sababu timu ya kwao imefungwa. Kesho yake nilikwenda kumfariji. Nilimkuta amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, macho yamevimba. Nikamwambia asisikitike, hata wengine tutawafunga, na pengine Baraka watakuja kushinda mwaka ujao. Kisha akanivuta, akanipakata kama mtoto mchanga, ingawa nilikuwa nimekua, akaniambia, "Ndiyo, mwanangu. Mwaka ujao."

Kumbe wanawake wa sokoni walikuwa wamekwisha kuelewa siri ya ligi ile. Redio haikuthubutu kusema mji gani umeingiwa na vita. Ilikatazwa. Lakini matokeo ya mpira hakuyakataza mtu. Kwa hiyo kila Jumapili jioni wanawake ambao maisha yao yote hawakuwa wamepiga mpira hata teke moja walikusanyika kwenye redio ya Mama Zawadi, kimya, mikono kwenye mashavu, wakasikiliza nani amefika na nani hakufika. Mimi niliwaona, nikafurahi. Nilidhani hatimaye wameanza kuipenda timu ya baba.

Magunia ya chokaa nayo yaliongezeka. Lori la mji liliyaleta, yakapangwa chini ya paa la chuo hadi kufikia dirisha. Nikamuuliza Yaya kama baba atachora viwanja vingine. Alicheka kidogo, halafu akaacha. Akasema chokaa ile si ya uwanja, ni ya hospitali. Nikadhani ni ya kupaka kuta. Sikujua kwamba maiti wakizidi, watu huwanyunyizia chokaa kabla ya kuwafukia. Hiyo ndiyo harufu iliyonifuata mpaka Berea, na msimamizi wangu maskini anashangaa kwa nini nimemfokea.

Mama alikuwa na mpango wake. Kaka yake alikuwa mchuuzi wa mawese, ana mtumbwi wa mota, anakwenda na kurudi Kigoma. Mama alitaka amchukue Faustin amvushe. Askari wa kila upande walikuwa wakitafuta vijana, na kijana mwenye miguu ya mpira hajifichi. Alilianza jambo hilo tukiwa tunakula, mchana kweupe, ugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani yake, katikati yetu. Nayakumbuka maneno yao kwa sababu niliogopa wataacha kula na mimi bado nina njaa.

"Baba Faustin, ule mutoto aende," mama akasema. "Ndugu yangu atafika siku ya posho. Siku ya Mungu asubuhi wanaondoka." Siku ya posho kwetu ni Jumamosi, na siku ya Mungu ni Jumapili.

"Siku ya Mungu tuko na mechi."

"Mechi na nani? Na upepo?"

"Kama kapita anaondoka, wengine watabakia juu ya nini?" baba akasema, na kapita kwetu ni nahodha. "Watatoroka wote. Timu itakufa, na timu ikikufa, chuo imekufa. Mechi moja tu, Mama Faustin. Kisha aende."

"Mechi moja, mechi moja. Kila wiki unasemaka mechi moja. Mwalimu, mi sikuzaa timu, nilizaa mutoto."

Baba akanawa mikono kabla hajashiba. Baadaye nilimkuta Faustin uani anashona kiatu chake kwa uzi wa nailoni, nikamuuliza kama atakwenda Kigoma. Akaniambia atakwenda, lakini kwanza anataka kucheza.

"Lakini unacheza kila siku ya Mungu," nikamwambia, "na unashinda."

"Ile si kucheza, Sifa. Nimechoka kutembeza mupira peke yangu kama muchungaji wa mbuzi moja. Hata banifunge kumi, lakini bakuye tucheze."

Nafikiri hapo ndipo baba alipomshika. Hakumlazimisha kwa fimbo. Alimpa kile alichokitamani.

Maana siku zile zile askari wapya walikuwa wameingia mjini, bila risasi nyingi, watu wakashukuru. Mkubwa wao alikuwa mtu mpole, miwani usoni, na alikuja nyumbani kwetu mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akanywa chai ya mama, akasema amesikia habari za timu isiyofungwa. Akasema inasikitisha vijana wazuri namna hii kukosa wa kucheza nao. "Sisi tutacheza nanyi, Mwalimu. Jumapili. Ili raia waone kuna amani." Baba aliniita nimsalimie mgeni. Mgeni akanigusa shavu, akauliza mguu wa kushoto ni wa yupi kati ya vijana, nami nikamwonyesha kaka yangu kwa fahari, ingawa nadhani alikwisha kumjua. Alipoondoka baba alitembea uani kama mtu aliyepewa cheo. Timu ilikuwa imekuja. Baada ya majuma yote yale, timu ya watu wenye miguu na mapafu.

Mama alisema neno moja tu jioni ile. "Anakuya kuwahesabu batoto." Baba akamjibu kwamba mwanamke hajui mpira.

Mjomba alifika kama alivyoahidi. Jumapili alfajiri mama alimfungia Faustin begi: shati, suruali, mkate wa muhogo uliofungwa kwenye majani. Mjomba akangoja mpaka jua likapanda juu ya ziwa, akasema hawezi kungoja zaidi, doria ya askari hupita mchana. Baba akasema kuna mtumbwi mwingine Jumatatu. Faustin akamkumbatia mjomba, akamwambia watakutana ng'ambo, akaenda kutafuta soksi zake. Mjomba akaondoka na mafuta yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wazee wanasema. Kwetu mkuu ndiye aliyekuwa kiziwi, na guu likavunjika la mtoto.

Sijawahi kuona uwanja umejaa vile. Hata wanawake wa sokoni walikuja, isipokuwa mama. Askari walicheza na viatu vya turubai, wengine peku, wakavaa fulana nyeupe za ndani. Walicheza vibaya, walicheka, walijikwaa. Vijana wetu waliwapigia pasi mpaka watu wakaanza kuhesabu kwa sauti. Kabla ya mapumziko Faustin alipata mpira pembeni, akamwacha mtu wa kwanza, akamwacha wa pili, akapiga kwa ule mguu wa kushoto, wavu ukavimba. Huo ndio wakati ambao nimekuwa nikiutafuta maisha yangu yote katika mechi za watu wengine, nisiupate. Alikimbia na mikono wazi mpaka kwenye kona, uso wake umefunguka kabisa, nikaona kwamba hakuwa amefurahi hivyo tangu ligi ianze.

Wakati wa mapumziko vijana walikaa kwenye kivuli cha madarasa, wakanyonya muwa, baba akawaeleza mambo yake kama kawaida. Kipindi cha pili askari waliosimama kandokando ya uwanja walikuwa wengi kuliko cha kwanza. Walisimama juu ya mistari ya chokaa, buti zao zikaifuta, na baba hakuwafukuza. Hilo lilinishangaza. Nikadhani anawaheshimu kwa kuwa ni wageni.

Filimbi ya mwisho ikalia, Chuo moja, Askari bila. Yule mkubwa mwenye miwani akaingia uwanjani, akampa mkono kila mchezaji, akawasifu. Kisha malori yakatokea nyuma ya madarasa. Vijana wetu wakapangwa mstari, wote, hata wale wa akiba, wakapandishwa na jezi zao za kijani. Watu walianza kukimbia kuelekea barabarani, lakini pale mbele palikuwa kimya, hakuna aliyepigwa. Faustin alipanda karibu na mwisho. Aliponiona akanyoosha mkono juu, akaushikilia hivyo mpaka lori likageuka.

Mimi nilijua kinachotokea. Katika ligi yetu kila timu hucheza nyumbani, kisha huenda kwa mwenzake. Askari walikuwa wamekuja kwetu, sasa wetu wanakwenda kwao. Nikakimbia mpaka nyumbani nikimpita kila mtu, nifike wa kwanza na habari.

Mama alikuwa anatwanga sombe. Nikamwambia tumeshinda moja bila, Yaya ndiye aliyefunga, na sasa wamepanda lori wanakwenda kucheza marudiano.

Mchi ukabaki juu, mikononi mwake. "Baba yako eko wapi?"

"Eko ku uwanja. Anakusanya mipira."

Mama akaweka mchi chini taratibu, akaketi palepale kwenye majani ya sombe. Nilidhani amechoka. Nikamletea maji, akayashika, hakunywa.

Alikwenda kambini na lile begi kesho yake na siku zilizofuata. Walimwambia hapa hakuna wachezaji, hapa kuna askari tu. Redio haikuyasoma matokeo ya mechi ile. Mechi pekee iliyochezwa kweli msimu mzima haikutangazwa. Lakini Jumapili iliyofuata barabara ya Bukavu ilikuwa imefunguliwa, na timu ya Kamanyola, ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba ndiyo zamu yake, ikafika na lori la saruji. Baba alikuwa amechora mistari. Wageni wakajipanga, upande wetu hapakuwa na mtu. Mwamuzi akatazama saa yake. Nahodha wa Kamanyola, kijana mfupi aliyeonekana ana aibu, akautembeza mpira peke yake mpaka kwenye goli letu.

Jioni redio ikasoma. Chuo bila, Kamanyola tatu. Nilikuwa nimekaa uani peke yangu, nikasikia mlango wa ua unafunguliwa. Mama Zawadi aliingia, kitenge amekifunga kiunoni. Nyuma yake wakaja wanawake wa sokoni mmoja mmoja, wakapita mbele yangu bila kusema, wakaenda kukaa chini karibu na mama. Ndipo nikaelewa. Nilielewa yote kwa pamoja, Baraka na Fizi na Mboko, chokaa, kile kilio, na lile lori. Sikulia. Nakumbuka niliona haya, kwa yale niliyomwambia Mama Zawadi, na haya ile iligeuka kuwa kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa na sura ya baba.

Baba hakuihesabu mechi ya Kamanyola. Mpaka uzee wake alisema haimo, kwa sababu "hatukufungwa, hatukukuwepo tu." Ushindi wa kuwapiga watu wasiokuwepo aliuhesabu wote. Kushindwa kwetu kwa kutokuwepo hakukuhesabu. Hivyo ndivyo alivyobaki kocha asiyefungwa.

Ilipopita miaka na Faustin hajarudi, watu wa kanisa walianza kumwita mama Mama Sifa, kwa huruma, wakiona jina la zamani linamuumiza. Hakuitika. Walimwita tena, akaendelea na kazi yake kama mtu asiyesikia. Siku moja baba naye alijaribu. "Mama Sifa, nipe maji." Mama alipita mbele yake, akatoka nje, na maji aliyachota baba mwenyewe siku hiyo na siku zote. Tulikimbilia Kigoma, tukakaa kambini, na huko mama alifariki akiwa Mama Faustin. Mimi nikashuka mpaka huku Johannesburg, nikajifunza cherehani, nikapata meza ya kushonea Marshalltown, katikati ya jiji, nikazaa, na baba alipozeeka nikamtumia nauli. Nilimlisha, nilimwogesha. Sikumwuliza kitu. Nilijiambia kwamba hakujua, kwamba alikuwa mjinga wa mpira tu, na mjinga mtu humvumilia.

Mwaka jana mlinzi mmoja wa benki alinijia Marshalltown na suruali ya kazi, anataka ipunguzwe miguu. Alinitazama wakati napima.

"Samahani, dada. We si mutoto ya Mwalimu wa Uvira? Hiyo paji ya uso ni yake kabisa."

Alikuwa Kizito, kipa wetu. Nywele zimekuwa mvi, kidole kimoja cha mkono hana. Nikafunga kazi, tukakaa kwenye ngazi za jengo, watu wanapita na mizigo ya mitumba. Nikamuuliza habari za Faustin. Hakuzungusha. Alisema alikufa mapema, milimani, hata bunduki hajaizoea, na yeye na mwenzake walimfunika kwa mawe. Halafu akauliza Mwalimu anaendeleaje. Nikasema yuko, anahadithia kanisani kuhusu timu isiyofungwa.

"Kwa hiyo hakukuambia," Kizito akasema.

"Kuniambia nini?"

"Ile wakati ya mapumziko. Mi na Faustin tulienda kukojoa nyuma ya madarasa, tukaona malori. Mashofere mule ndani, injini inawaka. Tukarudi mbio. Faustin akamwambia, Papa, hawa banataka kutukamata. Kule nyuma ya vyoo ukuta umebomoka, tupite mumoja mumoja, batu hawatajua." Alikuwa anautazama mkono wake. "Mwalimu akaenda akachungulia, akayaona na macho yake. Akarudi. Akatuambia hakuna kutoka. Timu ikitoka ku uwanja ni forfe. Akapiga makofi, akasema mukaze."

"Na Yaya?"

"Alikuwa kapita. Alitangulia kuingia ku uwanja."

Nilirudi Berea kwa miguu, sikuweza kukaa ndani ya teksi na watu. Baba alikuwa kitandani, mto mgongoni, anatazama mechi kwenye simu ya mwanangu. Akili yake ilikuwa nzima siku ile, nataka lijulikane hilo, watu wasije wakasema ni uzee. Nilichukua ile simu nikaiweka kando. Nikamwambia nimekutana na Kizito. Akafurahi, akauliza kama bado ni mrefu.

"Baba," nikamwambia, "Yaya alikuambia habari ya malori?"

Hakukana. Alikunja kona ya shuka, akaikunjua.

"Aliniambia."

"Na ukuta wa vyoo alikuambia?"

"Aliniambia."

"Sasa kwa nini hukuwaacha wakimbie?"

Baba aliinua macho akanitazama kwa mshangao, kama mwalimu anayeulizwa jambo ambalo kila mtoto darasani analijua.

"Sifa," akasema, "si tulikuwa tunaongoza."